Karata Tisini na Tisa

Alhamisi ile upepo wa Punta Arenas
ulikibeba kibao cha kinyozi hadi kwa muuza nyama,
manispaa ikafunga kamba kando ya barabara
watu washike, wasije wakaruka kama mifuko.
Kivuko cha Porvenir kikagoma.
Baba, aliyekuja tu kunirudisha, na begi langu la shule,
akabaki mlangoni kwa Mama kama msoma mita.

"Basi kaa," Mama akaliambia jiko.

Makasha manne, bado na plastiki yake,
tuliyanunua kwa Doña Herminda duka lilipokuwa linafungwa,
kwa bei ya mkate wa juzi.
Karata mia kila kasha, zimepangwa tayari
na watu wa kiwandani tusiowajua,
walioamua nani awe na majoka, nani apewe uyoga.
Sheria ya nyumba: hakuna kutoa, hakuna kutia.
Ulichofungua ndicho utakachokula.

Mama alipata majoka. Hakuna aliyeshangaa.
Baba, wezi wa bandarini, wembamba, wenye taa.
Mimi, mizimu inayorudi kila ikifukiwa.
Uyoga ukamwangukia Baldomero, jirani, mchomelea vyuma,
aliyekuja kuazima kiberiti akaambiwa aketi.
Alisoma kila karata kwa sauti, na masharti yake yote,
na jina la mchoraji pale chini,
miwani yake imefungwa kwa waya.

Raundi ya nne tulimcheka.
Raundi ya saba uyoga ulikuwa umejaa meza,
umefika kwenye kibakuli cha chumvi,
na Baldomero, kwa upole, akahesabu kwa kidole:
"Nadhani zamu ijayo nitawaua wote. Mnisamehe."

Ndipo Mama akamtazama Baba
kwa mara ya kwanza tangu mahakamani.
"Yerko. Wezi wako wawili wanikinge upande huu.
Sitakugusa mpaka zamu yangu irudi."
"Ahadi?"
"Ya karata."

Watu hawa walishindwa kugawana friji.
Miezi mitano, mawakili wawili, friji moja.
Sasa wananong'ona, kichwa kwa kichwa,
kidole cha Mama juu ya karata ya Baba,
hii kwanza, kisha hii,
lakini nikilipa tatu,
lipa,
nami napumua polepole nisije nikapeperusha kitu.

Uyoga uliungua wote. Baldomero akapiga makofi,
akajipakulia supu, akawa mtazamaji.

Kisha zamu ikarudi kwa Mama.
Ahadi ni deni, na deni lilikuwa limekwisha lipwa,
kwa saa yake, kihalali.
Majoka matatu yakamshukia Baba, yakamwachia pointi moja ya uhai.
Nilifumba macho. Nilikuwa naijua sauti inayofuata:
kiti, halafu mlango.

Baba akacheka.
Akacheka hadi akashika ukingo wa meza.
"Ulikuwa unanisubiri," akasema.
"Tangu raundi ya pili," akasema Mama,
na mdomo wake ukamponyoka, ukatabasamu.

Zamu yangu. Nikavuta.
Mzimu Mkuu: aingiapo, kila adui apoteze pointi mbili.
Baba alikuwa na moja. Mama alikuwa na mbili.
Nikahesabu upya, kama Baldomero, kwa kidole, chini ya meza.
Huko juu, bati lililokuwa likipiga kelele tangu saa nane
likanyamaza.
Baba akageuza kichwa kuelekea bandarini.

Nikaweka ardhi. Nikasema, "Nimemaliza."
"Ardhi tu?" akauliza Mama.
"Ardhi tu."
Karata ile ilikwisha ingia kwenye mkono wa sweta,
na mchezo ukaendelea hadi supu ikapoa,
ikapashwa, ikapoa tena.

Nani alishinda? Baldomero anadai ni yeye.

Kasha lile ninalo hapa Concepción, pembe zake zimelainika.
Wakija wageni tunacheza.
Kuna ambao huhesabu kabla ya kukata,
wakaniambia moja imepungua.
Kosa la kiwanda, nasema,
naendelea kuchanganya.